Uzi: Uliyewahi kushika kijarida cha kutoa kopi cha Arusha au Moshi, leta kilichobaki

KaratasiMbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa nahama geto, natoka Sombetini naenda Kwa Mrombo. Nilipoinua godoro nikakuta nakala moja ya kijarida chetu. Toleo la tatu. Kona moja imeliwa na mende, kava limeshika rangi ya chai, lakini maneno yanasomeka. Nikakaa chini kwenye sakafu nikaanza kusoma, dereva wa toyo ya kubeba mizigo ananipigia honi nje mpaka akakasirika akapandisha bei.

Kwa wasiojua: kuanzia 2012 mpaka 2015 hapa mjini tulikuwa na kikundi cha watu wanne. Tulipiga muziki wa kelele, magitaa na drams, nyimbo za dakika mbili mbili. Duniani unaitwa panki. Tatizo ni kwamba ukisema panki hapa Chuga, yaani Arusha, mtu anakuangalia kichwani, anadhani unaongelea kunyoa. Kinyozi mmoja pale Ngarenaro alituambia tukae kwenye foleni.

Kijarida nacho kilitupa shida ya jina. Wenzetu huko wanaita "zine". Sasa hebu liandike kwa Kiswahili. Linakuwa "zini". Nilimwambia maza nipo na wenzangu tunatengeneza zini, akaweka mwiko chini. Tangu siku hiyo tukaita kijarida, kesi ikaisha.

Tulivyokuwa tunatengeneza: kopi ilikuwa shilingi 50 upande mmoja kwenye steshenari ya karibu na stendi. Karatasi nne za A4, unatoa pande zote mbili, unakunja katikati, unapata kurasa 16. Shilingi 400 kwa nakala. Tunauza 500. Faida ya mia ndiyo ilikuwa nauli.

Toleo la kwanza tulilipanga kama daftari, moja, mbili, tatu. Tulipokunja, wimbo ulianzia ukurasa wa pili ukamalizikia wa kumi na tano. Watu wakasema ni ubunifu. Baadaye dada wa steshenari alituonea huruma akatufundisha: kwenye kijarida cha kurasa 16, kurasa mbili zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi lazima zijumlike kuwa 17. Kumi na sita na moja. Mbili na kumi na tano. Nane na tisa ndiyo katikati. Hii hesabu sijaisahau mpaka leo, na hesabu nyingine zote za sekondari nimesahau.

Mengine tulijifunza kwa hasara. Kalamu ya bluu haishikwi vizuri na mashine ya kopi, andika kwa nyeusi. Ukibandika kipande cha karatasi juu ya kingine, ukingo unatoka kama mstari mchafu, kwa hiyo pitisha rangi nyeupe ya kufutia pembeni. Picha ya mtu inatoka nyeusi tii, hasa sisi wenye rangi zetu. Toleo la pili lina picha ya bendi nzima na kinachoonekana ni meno na gitaa. Na stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, basi unaifungua, unalaza kijarida juu ya ndala iliyochakaa, unagonga, pini inazama kwenye ndala, unaichomoa na kuikunja kwa kucha.

Muziki wenyewe umepotea. Tulirekodi nyimbo sita. Kompyuta ya studio ikapigwa programu upya, mwenye studio akasema samahani. Kopi nyingine ilikuwa kwenye simu, simu ikaibiwa kwenye kifodi, daladala zetu za hapa. Siku hizi vijana wanaweka kila kitu kwenye status, kesho yake hakuna. Kilichobaki ni hii karatasi iliyokuwa chini ya godoro.

Ndiyo sababu ya huu uzi. Kama una nakala, tangazo la shoo, karatasi ya mashairi, kava la CD lililoandikwa kwa mkono, ya bendi yoyote au kikundi chochote cha chini kwa chini, Arusha au Moshi, piga picha uweke hapa. Siulizi ubora.

ChaliiWaUnga

Uzi bila picha ni umbea mkuu. Anza wewe.

KaratasiMbichi

Nimeweka hapo kurasa nne. Ya tano msiulize, ni barua ya mapenzi ya mpiga besi, alitulazimisha tuichape.

NguzoYaMtaa

Mimi nitasema ukweli hata mkichukia. Hizi ni kelele za wazungu. Arusha ni mji wa hip hop, na ina heshima yake. Nyie mlichukua vitu vya Uingereza mkavaa mabuti kwenye joto la Februari, leo mnataka tuwatunzie kumbukumbu. Watoto wa hapa walikuwa wanatema mistari kuhusu njaa na polisi, nyie mnapiga gitaa kwenye sabufa.

KaratasiMbichi

Mabuti nilikuwa navaa kwa sababu Unga Limited ikinyesha ni tope mkuu 😂

Ila la wazungu ngoja nikujibu taratibu. Bendi ya Bad Brains ya Washington, watu weusi watupu, ni kati ya waliofundisha Wamarekani kupiga panki kwa kasi ile. Johannesburg kulikuwa na National Wake, weusi na weupe kwenye jukwaa moja wakati sheria za ubaguzi zinakataza, wakatoa albamu yao moja 1981. Hapo Nairobi tu, kuna Duma, vijana wawili, albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hao hao Nyege Nyege ndio 2017 walikusanya singeli za studio ya Sisso ya Dar. Na singeli yenyewe ikae kwenye mizani: midundo 200 kwa dakika na kupanda, kompyuta mbovu, mtoto wa uswahilini anashika maiki bila kuomba ruhusa ya redio. Niambie tofauti iko wapi.

Kuna kijarida kimoja cha Uingereza 1977 kilichora kodi tatu za gitaa (kodi za kupiga, siyo za TRA) kikamwambia msomaji akaanzishe bendi. Basi. Somo zima lilikuwa hilo. Na Mark Perry, yule aliyeanzisha Sniffin' Glue London 1976, alikuwa karani wa benki. Alipoona kijarida kimekuwa kikubwa akakifunga mwaka uliofuata. Sisi chetu kilifungwa na kodi ya chumba.

Mwanakijenge

Nguzo ana hoja na hana hoja. Nimekulia Kijenge, nimeona.

X Plastaz, kundi la hip hop la hapa Arusha, walianza 1996. Hakuna aliyewaelewa mwanzoni, mtu anarap halafu Mmasai anaingia na sauti za morani, watu wa Dar walicheka. 2004 albamu yao *Maasai Hip Hop* ikatolewa na kampuni ya Ujerumani, wakazunguka Ulaya, na hapa nyumbani kuna watu wa rika langu hawajawahi kuishika hiyo CD mkononi. Faza Nelly, mmoja wao, akauawa 2006. Nenda sasa hivi mtaani umuulize kijana wa miaka 19 Faza Nelly ni nani. Halafu kundi la Watengwa, hapo hapo Kijenge. Jina lenyewe linakwambia walijionaje. CD zilikuwa zinachomwa moja moja kwenye kompyuta, zinaandikwa kwa maka, zinauzwa kutoka kwenye begi mgongoni.

Kwa hiyo ninapomsikia KaratasiMbichi anasema "chini kwa chini", namuelewa. Hiyo ilikuwa njia ya mji mzima, wao waliweka magitaa tu. Ninachowalaumu watu wa hip hop, na mimi nikiwemo, ni kwamba hatukuandika. Tulikuwa na mistari elfu na hatuna ukurasa hata mmoja. Tuliamini kichwa. Vichwa vimekufa, vingine vimehamia Dar.

NguzoYaMtaa

Hapo kwenye Faza Nelly umenigusa. Nakunywa maji kwanza.

MpigaNgomaWaMadhabahu

Acheni nikiri dhambi. Mimi ndiye nilikuwa napiga drams kwenye hicho kikundi, 2013 na 2014.

Hakuna mtu wa umri wetu Arusha au Moshi aliyejifunza drams nje ya kanisa. Nani ana laki kadhaa za kununua seti? Kanisani ipo, ina kapeti chini, inafunikwa kitambaa. Jumamosi mazoezi ya kwaya saa tisa, mimi nafika saa saba nikisema nakwenda kufuta vumbi. Saa mbili hizo ndizo nilikuwa najifunza kupiga kwa kasi. Mzee wa kanisa akaingia siku moja, akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, huyo unayemkimbia ni nani?"

Hakunifukuza. Aliniambia tu nisipasue ngozi, maana ilitoka Nairobi.

Na ile shoo yetu ya mtaa wa Sakina iliyoishia njiani, siyo kwamba umeme ulikatika kama mnavyosimulia siku zote. Umeme ulikuwepo. Ni sabufa ilianza kutoa moshi. Mpiga gitaa alikuwa ameingiza gitaa kwenye tundu la maiki akafungulia sauti mpaka mwisho kwa sababu hatukuwa na kifaa cha kukwaruza sauti, na kusema kweli ule mkwaruzo wa spika inayokufa sijausikia tena popote. Tuliilipa kwa awamu. Mwenye baa ya nyama choma bado ananidai elfu tano na huwa napita barabara ya pili.

KaratasiMbichi

😂😂 Oya! Ulipotelea wapi chalii yangu? Njoo chemba, tuongee faragha.

SheriaNdogondogo

Swali la kiuchokozi: mlikuwa na leseni? Maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka machapisho yawe na leseni.

KaratasiMbichi

Tuliacha 2015. Tulikuwa na nakala 40 na stepla. Ila leo ningeuliza kwanza, siwezi kukudanganya. Hata shoo, kibali kilikuwa kazi kuliko kujifunza wimbo. Ndiyo maana tulikuwa tunapiga saa nane mchana, watu wanakula ugali, hakuna anayeita polisi saa nane mchana.

DadaWembe

Nimesoma uzi mzima tangu jana, nimejizuia, nimeshindwa.

KaratasiMbichi kaka yangu. Umesema watu wanne. Umemtaja mpiga besi na barua yake. Umemtaja dada wa steshenari. Umetaja hadi ndala. Hiyo ndala ilikuwa ya nani?

Mimi ndiye niliyekuwa nachora. Kava zote kuanzia toleo la pili ni zangu. Picha za kopi zilipotoka nyeusi, ni mimi niliyesema tuache picha tuchonge. Nilichukua soli ya ndala, nikachora kwa kalamu kinyumenyume, nikakata kwa wembe nikiacha sehemu zinazotakiwa kushika wino, nikapaka wino wa muhuri kwa sponji, nikagonga. Nakala arobaini, moja moja, kwa mkono, kwenye sakafu ya jikoni kwa shangazi Majengo. Kidole changu cha shahada bado kina alama.

Sasa fungua hilo toleo la tatu ulilolikuta chini ya godoro. Ukurasa wa mwisho kuna majina. Hesabu.

KaratasiMbichi

Nimefungua.

Matatu.

Dada, sina cha kujitetea. Samahani sana. Nilipoandika "watu wanne" hapo juu nilikuhesabu, lakini karatasi ndiyo itakayobaki na karatasi inasema watatu.

DadaWembe

Ndiyo maana nimesema. Umefungua uzi mrefu kulaumu kompyuta na wezi wa kwenye kifodi. Wengine tulipotezwa na kalamu, tena kalamu nyeusi, ile inayoshikwa vizuri na mashine.

Hasira imeisha, tuendelee. Mbinu ya rangi moja sikuitoa kwenye panki. Nilikuwa naenda Imbaseni, nje ya mji wa Arusha, kule UAACC, kituo cha jamii walichoanzisha Pete O'Neal na mkewe Mama C mwaka 1991. Wale wazee walikuwa Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani weusi, tawi la Kansas City, wakaikimbia Marekani, wakapitia Algeria, wakafika Tanzania 1972 wakabaki. Kuta zote zimechorwa. Unaingia kuchukua darasa unatoka shingo inauma kwa kuangalia juu. Mama C anashairi, anachora, anapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, na nilipomwona mama wa umri ule anafanya vyote bila kuchagua kimoja, nikaacha kumsikiliza mtu anayeniuliza "kwani wewe ni msanii wa nini?"

Baadaye nikasoma kuhusu Emory Douglas, aliyekuwa anachora kwenye gazeti la hao Panther lililoanza 1967. Hela ya rangi nyingi hawakuwa nayo. Nyeusi, na rangi moja zaidi, mistari minene, basi. Gazeti la senti 25 lakini kava unalibandika ukutani. Nikasema ahaa, kumbe umaskini wa wino siyo kikwazo, unakulazimisha ukate mstari mnene. Ndala ni nzuri kwa mistari minene.

Halafu jibu la ombi lako: ninayo matoleo matatu. La pili, la nne na lile dogo la karatasi moja, unakunja mara tatu unachana katikati linakuwa kurasa nane. Yapo nyumbani Moshi, Pasua, kwenye begi la bibi harusi la mama. Hakuna mende anayethubutu.

ChaliiWaUnga

Uzi umekuwa mtamu ghafla. Nimeleta kigoda.

Mwanakijenge

Dada heshima kwako. Na mimi nakumbuka lile la kava la mbuzi juu ya paa la kifodi. Kumbe ni wewe. Nililibandika geto miaka miwili.

MwalimuMstaafuKiboriloni

Habari zenu vijana. Kijana wangu wa mwisho ndiye aliyenionyesha mjadala huu. Nimefundisha Kilimanjaro miaka thelathini na mbili.

Mnasema habari ya shilingi 50 kwa kopi. Sisi tulichapa mitihani ya shule nzima bila umeme. Mashine ya kurudufu, Gestetner, ya kuzungusha kwa mkono. Unachukua stensili, ile karatasi yenye nta, unaiweka kwenye taipureta baada ya kuondoa utepe, herufi zinatoboa nta. Unaifunga kwenye pipa lenye wino, unazungusha mkono, wino unapenya pale palipotobolewa tu. Stensili moja ikitunzwa inatoa mamia ya nakala. Huyo binti anayechora angeipenda, maana unaweza kuchora juu ya stensili moja kwa moja kwa kalamu ya ncha ya chuma. Ukikosea unaziba kwa rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unaandika upya. Walimu wa kike ndio walikuwa na hiyo rangi, kwa hiyo sisi wanaume tulikuwa hatukosei.

Na msidhani nyie ndio wa kwanza kuwa na karatasi yenu wenyewe. Hapa Moshi miaka ya 1950 Wachagga walikuwa na gazeti lao, Komkya. Marehemu baba alikuwa analihifadhi chini ya godoro pia. Sijui godoro lina nini.

Sasa hoja yangu. Shuleni nilikostaafu, mashine hiyo ipo stoo hadi leo. Imefunikwa gunia. Niliomba wasiitupe, mkuu wa shule akasema nikipata mtu wa kuihitaji aje na barua.

KaratasiMbichi

Shikamoo mwalimu.

Nimeisoma hii nikiwa kwenye foleni ya maji nikapoteza nafasi yangu. Inazunguka bado?

MwalimuMstaafuKiboriloni

Marahaba. Mara ya mwisho nilipoizungusha ilizunguka kwa kulalamika, kama mimi. Wino umekauka kwenye pipa, itabidi iloweshwe na kusafishwa kwa mafuta ya taa. Stensili zenyewe nina boksi moja nyumbani, nusu limepigwa na joto, nta imeshikana. Mtajaribu.

MpigaNgomaWaMadhabahu

Mimi napatikana Jumamosi. Mafuta ya taa naleta. Ina uzito gani mwalimu, inaingia kwenye Hiace?

MwalimuMstaafuKiboriloni

Watu wawili wenye afya. Siyo wale wa kwenye picha yenu, naona meno tu, miili siioni.

NguzoYaMtaa

😂😂😂 Mwalimu!

Sikilizeni, bado sipendi hayo makelele. Lakini nina kirikuu, kile kigari cha mizigo, na Jumamosi narudi kutoka Himo bila mzigo, napita Moshi mchana. Nawachukulia hiyo mashine mpaka Arusha, mnijazie mafuta nusu. Kwa sharti moja: toleo la kwanza mtakalochapa nayo, kurasa nne ziwe za hip hop ya Kijenge, Mwanakijenge aandike, na Faza Nelly awe ukurasa wa kwanza.

Mwanakijenge

Naandika kuanzia leo usiku. Nguzo, unanilaza macho.

KaratasiMbichi

Sharti limekubaliwa. Barua ya kwa mkuu wa shule naandika mimi. Kurasa 16, ukurasa wa kwanza ni Faza Nelly. Wa kumi na sita, ule unaokaa naye karatasi moja, ni majina ya waliotengeneza. Dada Wembe, lako linaanza, na kava ukikubali ni lako.

DadaWembe

Nakubali. Niandikieni majina yote mlete Jumamosi, nitayakata mwenyewe kwenye stensili, simwachii mtu.

Mwalimu, shikamoo. Rangi ya kucha nije na ipi?

MwalimuMstaafuKiboriloni

Marahaba binti. Lete nyekundu, ili muone mlipofuta. Na mje kabla ya saa sita, mlinzi wa stoo akishakwenda kula harudi.